UZI: Barua pepe ya ofisi ikigoma ghafla, kabla ya kumwita fundi tafuta kwanza funguo ziko kwa nani

FundiWaIlala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimeitwa ofisi tatu kwa tatizo lilelile, nikaona niandike mara moja kila mtu asome kwa nafasi yake. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dar. Nahudumia ofisi ndogo za watu watano hadi kumi na wawili: mawakala wa forodha, mchapaji, duka la vifaa vya hospitali, wanasheria wawili. Hakuna hata moja yenye mtu wa IT wa kudumu.

Nianze na kisa cha skana.

Mwaka 2022, ofisi ya uwakala wa forodha. Pale kuna mashine kubwa ya fotokopi yenye skana. Karani anaweka nyaraka juu ya kioo, anabonyeza kitufe, nyaraka inaondoka kama kiambatisho cha barua pepe mpaka kwa mteja. Miaka saba hakuna aliyegusa mipangilio yake. Asubuhi moja ikaanza kutema kikaratasi cha kosa badala ya kutuma. Wakaizima, wakaiwasha. Wakabadilisha waya wa mtandao. Wakamwita fundi wa fotokopi, akaifungua, akaisafisha ngoma, akalipwa chake akaondoka. Siku ya tatu ndiyo nikaitwa mimi. Muda wote huo kontena la mteja limelala bandarini, nyaraka zinapelekwa kwa bodaboda, na siku za bure za kontena zinayoyoma.

Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inabisha hodi kwenye seva ya barua pepe kwa jina na nywila peke yake, kama ilivyofundishwa siku ya kwanza, na mtoa huduma alishaacha kumfungulia mtu anayebisha namna hiyo.

Nikauliza: akaunti ya usimamizi, ile inayoendesha barua pepe zote za ofisi, anayo nani? Wakatazamana. Ilikuja kujulikana kwamba iliundwa na kijana aliyewatengenezea tovuti, ambaye alishahamia mkoani. Nywila tuliipata mchana kwenye gamba la nyuma la daftari la wageni, imeandikwa kwa penseli, nusu imefutika. Tulipoingia ndani tukakuta taarifa za mabadiliko yale zimetumwa miezi mingi kabla. Zote bado zina zile herufi nene za barua ambayo haijafunguliwa.

Nilisimama pale nikimtazama yule karani. Mama wa watu alikuwa ameshasemwa siku tatu kwamba ameharibu mashine.

Kwa hiyo ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja. Tunasema teknolojia inabadilika ghafla. Kwenye barua pepe, karibu kila badiliko nililoshuhudia lilitangazwa mapema. Ghafla inatokea kwetu kwa sababu tangazo linaingia kwenye kikasha kisicho na mwenyewe. Ofisi zinazovuka salama ni zile ambazo mwenye ofisi anajua vitu vitatu: kikoa (lile jina la ofisi linalokuja baada ya alama ya @) kimesajiliwa kwa jina la nani, akaunti ya usimamizi inafunguliwa na nani, na namba ya simu ya kurejesha akaunti ni ya nani.

Kwa wasiofuatilia, haya ndiyo mawimbi yaliyopita karibuni. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu zinazoingia kwenye akaunti binafsi kwa jina na nywila peke yake. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 Microsoft ikaanza kufunga mlango wa aina hiyo kwa ofisi zinazotumia Exchange Online, huduma yao ya barua pepe za ofisi. Oktoba 2023 Google na Yahoo wakatangaza masharti mapya kwa watumaji, yakaanza kazi Februari 2024: kila mtumaji awe na uthibitisho wa kikoa chake, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja (njia tatu za uthibitisho, nitazieleza chini), aweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Microsoft nao wakaweka masharti yanayofanana kwa watumaji wakubwa kwenye Outlook.com na Hotmail kuanzia tarehe 5 Mei 2025.

Mtu wa duka atasema mimi situmi barua 5,000 kwa siku, natuma ankara kumi. Sawa, lakini uthibitisho wa msingi unamhusu hata wa ankara kumi. Usipokuwa nao, ankara inaangukia kwenye taka, mteja anasema hajaiona, na wewe unadhani anakukwepa kulipa. Nimeona urafiki wa biashara wa miaka mingi ukiingia nyufa kwa jambo hilo.

Nitaendelea kueleza hizo herufi kwa lugha ya bandarini, ila nipumzike kidogo. Mwenye swali aulize.

KijanaWaKodi

Mkuu nakuheshimu sana ila kwa kweli kwa nini tujitese? Mimi na wateja wangu tumehamia WhatsApp tangu zamani. Ankara naituma pale, naona tiki mbili za buluu, najua ameiona. Barua pepe ni ya wazee na serikali. Ikifa na ife.

Bi_Shangani

Assalaam aleikum nyote. Mwanangu KijanaWaKodi, nami nilikuwa na mawazo kama yako. Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe, vyumba sita. Wageni wangu wengi Wajerumani na Wataliani. Kuna msimu nikipeleka bei hawajibu, nikidhani bei imewashinda. Mmoja akanipigia simu akaniuliza, "Mbona hukunijibu?" Kumbe nimemjibu mara tatu, zote zimeangukia kwenye taka zake. Basi nikasema yaishe, nikahamisha kila kitu WhatsApp. Raha tupu, mgeni anauliza feni ipo, namjibu papo hapo na picha nampigia.

Kisha siku moja nashuka kwenye boti, simu ikanichopoka ikatumbukia baharini. Sikuwa nimeweka chelezo, yaani nakala ya akiba. Tarehe za wageni, nani kalipa arbuni, nani anataka chumba cha chini kwa sababu ya magoti, vyote vilikuwa mle. Nilikaa siku mbili nikiwaandikia watu mmoja mmoja, "Tafadhali nikumbushe unakuja lini." Kwa mwenye nyumba ya wageni hilo ni jambo la aibu kubwa. Sasa WhatsApp ni ya mazungumzo, na kila makubaliano nayarudisha kwenye barua pepe. Lakini kisanduku changu chenyewe kilifunguliwa na mpwa wangu, na sijui huo usimamizi unaousema uko wapi.

FundiWaIlala

Waaleikum salaam Bi mkubwa, shikamoo. Pole sana kwa simu. Suala la mpwa tutalirudia, usiondoke.

KijanaWaKodi, WhatsApp hata mimi natumia kutwa, siikatai. Tofauti moja tu naomba uiangalie. Kule anwani yako ni namba ya simu, na mazungumzo yanaishi ndani ya kampuni moja. Ukitaka kuhama huwezi kuondoka na anwani. Barua pepe ni utaratibu wa wazi: mimi niko kwa mtoa huduma huyu, wewe kwa yule, na tunaandikiana. Ukiwa na kikoa chako mwenyewe, unaweza kumwacha mtoa huduma leo na kesho wateja wako wasijue lolote, kwa kuwa anwani imebaki ileile.

Mfano uko wazi. Google ilikuwa ikitoa huduma ya ofisi bure kwa wenye vikoa vyao, ikaacha kupokea wapya Desemba 2012. Januari 2022 ikawaambia waliobaki bure walipie. Baadaye ikawaachia waliokuwa wakitumia kwa mambo ya familia, ila biashara zililipa au zilihama. Nilizihamisha ofisi mbili mwaka ule. Waliokuwa na funguo za kikoa ilichukua Jumamosi moja. Jumatatu wakafungua ofisi, wakaendelea kuandika barua. Waliokuwa hawana funguo ilichukua wiki tano, na nne kati ya hizo zilikuwa za kumtafuta mtu.

SaibaThika

Salamu kutoka Thika. Niko na saiba, duka la intaneti, hapa mjini na nataka kuongea juu ya namba ya simu ya kurejesha akaunti, kwa sababu hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Huku kwetu watu wengi walifungua barua pepe ya kwanza maishani kwa sababu ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya. Mtu amepata kazi, anaambiwa alete PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi, anaingia saiba, anasema, "Nifungulie imeili nipate PIN." Mhudumu anafungua kwa dakika tano. Mteja hana simu mkononi, au simu haina chaji, kwa hivyo mhudumu anaweka namba yake mwenyewe. Nywila anaweka ile anayowawekea wote. Mteja anachukua karatasi ya PIN anaenda. Hata anwani yake hajaikariri.

Miaka inapita. Mteja anarudi mwezi wa sita, tarehe 30 Juni ikikaribia, lazima apeleke ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka. Nywila ya iTax amesahau, na ya kubadilisha inatumwa kwa imeili. Imeili inasema "code" ya uthibitisho imetumwa kwa namba inayoishia na tarakimu fulani. Hiyo namba ni ya mhudumu aliyeacha kazi kitambo. Nimeona mzee mmoja amekaa kwa hiyo kiti ya plastiki kuanzia asubuhi mpaka jioni, ameshika kofia kwa magoti, akingoja nimpigie mtu ambaye hashiki simu.

Hiyo siku ndiyo nilibadilisha mambo hapa. Sasa siandiki namba yangu kwa akaunti ya mtu. Mteja ashike simu yake mwenyewe, asome hiyo "code" kwa sauti, abonyeze mwenyewe hata kama vidole vinatetemeka. Anwani naiprinti kwa kadi ndogo anaenda nayo nyumbani. Nywila anaiandika yeye, mimi nikiangalia kando. Inachukua dakika ishirini badala ya tano na silipishi zaidi.

Kitu kingine ni kwamba Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi ikikaa miaka miwili bila kutumika inaweza kufutwa, wakaanza Desemba mwaka huo. Watu wetu wengi wanatumia imeili kwa ritani pekee. Kwa hivyo kila akija mwezi wa sita namwambia afungue imeili kwanza, asome hata moja, ndiyo tuingie iTax.

FundiWaIlala

SaibaThika ubarikiwe. Hizo dakika ishirini zako nitaziiga.

Huku kwetu namba zilipotea kwa njia nyingine. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Watu walisajili zile walizokuwa wakitumia kila siku, wakaziacha za akiba zife. Wengi hawakukumbuka kwamba laini ya akiba ndiyo waliyoiandika kwenye barua pepe mwaka walipoifungua. Miaka kadhaa baadaye, wanapobadilisha simu na kuombwa uthibitisho, ndipo wanaikumbuka. Kama unasoma hapa sasa hivi, fungua mipangilio ya akaunti yako uangalie ni namba gani imeandikwa. Fanya sasa, uzi utakusubiri.

Karani_wa_Katani

Vijana, hamjambo. Mimi ni mstaafu, nilikuwa karani wa mawasiliano kwenye katani, Tanga. Nimesoma uzi huu polepole, mjukuu akinisaidia maneno mawili matatu.

Mimi nilianzia kwenye teleksi, mashine za kuchapa zilizoandikiana kwa njia ya waya. Tuliandikiana na wanunuzi wa Ulaya kuhusu marobota, daraja la nyuzi, meli na tarehe. Kulikuwa na jambo moja kwenye teleksi ambalo hakuna anayelisema siku hizi. Ukishaunganishwa, unabonyeza kitufe cha kuuliza "wewe nani?" na mashine ya upande wa pili inajibu yenyewe, bila mtu kuigusa: namba yake na jina fupi la kampuni. Linachapwa kwenye karatasi yako. Ukimaliza ujumbe unauliza tena, inajibu tena. Majibu hayo mawili, la juu na la chini, ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba ujumbe umefika kwa mwenyewe na njia haikukatika katikati. Ujumbe usio na majibu hayo mkuu wangu alikuwa hautii sahihi.

Ilipokuja faksi tukapoteza kidogo. Ilipokuja barua pepe nikamwuliza kijana aliyetufundisha, "Kitufe cha kuuliza wewe nani kiko wapi?" Akaniambia, mzee, hakipo. Nilishangaa sana. Chombo kipya, chenye kasi namna ile, na hakimwulizi mtu jina!

Sasa nikisoma hizo herufi tatu za fundi nadhani ndicho kile kitufe kinarudi. Au nimekosea?

FundiWaIlala

Shikamoo mzee wangu. Hujakosea. Umenieleza kazi yangu kuliko nilivyowahi kuieleza mwenyewe.

Utaratibu wa kupeleka barua pepe, SMTP, ulichapishwa Agosti 1982, umeandikwa na Jonathan Postel. Mtandao wa wakati ule ulikuwa wa vyuo na maabara, watu wanaojuana. Seva ikiambiwa "barua hii imetoka kwa fulani" inaandika fulani, basi. Haya yote yanayotusumbua leo ni viraka juu ya tundu hilo.

Sasa lugha ya bandarini, kama nilivyoahidi.

SPF ni orodha ya magari yanayoruhusiwa kubeba mzigo wako. Umeibandika hadharani kwenye rekodi za kikoa chako, na kila geti linaisoma. Gari lisilomo kwenye orodha linatiliwa shaka.

DKIM ni lakiri ya kontena. Barua inapotoka inapigwa lakiri yenye namba ambayo mpokeaji anaweza kuihakiki. Mtu akifungua njiani akabadilisha hata herufi moja ya maandishi, lakiri haisomi tena.

DMARC ni maagizo uliyoyaacha getini: mzigo wenye jina langu ukija na gari halimo kwenye orodha na lakiri haisomi, fanyeni hivi. Upitisheni tu mnipe taarifa, au uwekeni pembeni, au urudisheni. Pia inaangalia kama jina kwenye lakiri au kwenye orodha ndilo lililoandikwa juu ya barua.

Ukishika mfano huo utaelewa na mambo mengine. Ofisi nyingi zimepanga barua za info@ zisukumwe moja kwa moja kwenda kwenye Gmail ya bosi. Huko ni kuhamishia mzigo kwenye gari jingine katikati ya njia: gari jipya halimo kwenye orodha, SPF inaanguka. Kama lakiri ipo nzima, mzigo unapita. Kama mtumaji hakupiga lakiri, bosi anaweza asiipate barua na asijue kama ilitumwa.

Aprili 2014 Yahoo ilibadilisha maagizo yake ya getini yawe "rudisheni". Vikundi vya barua pepe dunia nzima vikayumba. Sababu ni kwamba programu za vikundi huongeza kikaratasi chini ya kila barua na jina la kikundi kwenye kichwa cha habari, yaani kontena limefunguliwa na lakiri imekatika, na gari nalo ni la kikundi, si la Yahoo. Mwanachama wa Yahoo akiandika, seva za wanachama wengine zinairudisha barua. Programu ya kikundi inahesabu zilizorudi, inaamua kwamba hao ambao seva zao zimeirudisha anwani zao zimekufa, inawaondoa. Watu walitolewa kwenye vikundi kwa barua ambayo hawakuiandika wao! Suluhisho waliloishia nalo ni programu ya kikundi kuandika anwani ya kikundi kwenye sehemu ya mtumaji, na anwani ya mwandishi kuwekwa kwenye sehemu ya kujibu. Mpaka leo ukiona barua ya kikundi imeandikwa "fulani kupitia kikundi", chanzo ni kile.

Mhasibu_Kkoo

Nashukuru kwa somo. Nataka niseme kwa nini sisi wa uhasibu tunayataka masharti haya hata kama yanatuumiza kichwa. Mwaka juzi nilipokea barua kutoka kwa msambazaji wetu wa vitambaa, mtu tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Anasema benki yao inakaguliwa, malipo ya mzigo huu yaende akaunti nyingine. Lugha yake, salamu zake, hadi namba ya proforma, vyote sahihi. Nilishajaza fomu ya benki. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuza maandishi kwa sababu macho yangu yanachoka jioni. Kwenye anwani, palipotakiwa kuwa na herufi m palikuwa na r na n zimebanana. Nikapiga simu kwa namba niliyokuwa nayo kwenye daftari la zamani. Msambazaji hajui lolote.

Tangu siku hiyo ofisini kwetu akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua. Ni simu, kwa namba ya zamani, na mtu wa pili anashuhudia.

Swali langu fundi: tumeweka hiyo SPF na bado barua zetu zinakwenda taka. Aliyetuwekea alisema kila kitu tayari.

FundiWaIlala

Hongera kwa kupiga simu, na huo utaratibu msiuache hata siku moja. Nikuambie ukweli: SPF, DKIM na DMARC zisingemzuia yule mwizi, maana kile kikoa chenye r na n ni chake halali na anaweza kukiwekea lakiri. Zinazuia anayetumia anwani yenu halisi. Kwa yule mwingine kinga ni macho na simu.

Kuhusu taka, niandikie rekodi za kikoa chenu zinazoanza na v=spf1. Si siri, kila mtu duniani anaweza kuzisoma. Ziko ngapi?

Mhasibu_Kkoo

Ziko mbili. Moja inataja kampuni inayohifadhi tovuti. Nyingine inataja kampuni ya barua pepe.

FundiWaIlala

Ndiyo ugonjwa wenyewe. Kanuni inataka orodha iwe moja tu. Geti likikuta mbili halichagui iliyo sahihi, linahesabu kosa na zote hazifanyi kazi. Hutokea hivi: wa tovuti aliweka yake mwaka wake, wa barua pepe akaja akaongeza yake, hakuna aliyeangalia ya mwenzake. Ziunganishe ziwe mstari mmoja: v=spf1 mwanzoni mara moja tu, halafu waliotajwa wote wawili, halafu mwisho mmoja. Na usijaze majina ovyo, kwa sababu mpokeaji anaruhusiwa kufuatilia marejeo 10 tu ndani ya orodha. Yakizidi nalo ni kosa. Halafu omba kampuni ya barua pepe wakupe DKIM. DMARC anza na maagizo ya "pitisheni mnipe taarifa" kwa wiki kadhaa. Usikimbilie "rudisheni", utagundua kuna mfumo wa mishahara unaotuma barua kwa jina lenu ambao hakuna aliyeukumbuka.

KijanaWaKodi

Mkuu swali. Ile skana ya mwanzo iliishaje? Dukani kwetu ipo kama hiyo.

FundiWaIlala

Ilikuwa ya zamani mno kujifunza njia mpya ya kuingia. Baadhi ya watoa huduma wana nywila maalumu za programu, kwa Google ni herufi 16 na lazima uwe umewasha uthibitisho wa hatua mbili. Kama skana yako inakubali, jaribu hiyo kwanza. Yao ilikataa. Nikaipanga iwe inahifadhi nyaraka kwenye folda ya kompyuta ya karani, yeye anazifungua, anazitazama, anazituma. Mwenyewe aliniambia miezi miwili baadaye kwamba amekamata nyaraka mbili za mteja mmoja zilizokuwa zinakwenda kwa mwingine. Zamani mashine ingezipeleka tu. Wamebaki na njia hiyo, hawataki tena ya zamani.

Mhasibu_Kkoo

Mrejesho: tumeunganisha mstari, DKIM imewekwa jana jioni. Leo nimejitumia barua kwenye akaunti yangu binafsi nikafungua maelezo yake ya ndani. SPF imepita, DKIM imepita, DMARC imepita. Imeingia kikashani. Nimewapigia wateja wanne niliokuwa nawadai, watatu wamesema ankara ya leo ndiyo ya kwanza wameiona tangu mwezi uliopita.

Bi_Shangani

Fundi, nami nimeingia. Mpwa wangu yuko Muscat, nimempigia usiku, kanitumia nywila. Kwenye hicho kikasha cha usimamizi mna barua 212 hazijasomwa. Ya juu kabisa inasema kikoa kinakwisha muda wake siku tisa zijazo, nilipe kwa kubonyeza hapo.

FundiWaIlala

Usibonyeze hapo, Bi mkubwa. Inaweza kuwa ya kweli, inaweza kuwa ya wezi, wanapenda sana barua za namna hiyo. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya kampuni mliyosajilia kikoa, ingia, utaona tarehe ya kweli. Kabla ya kulipa, angalia jina la mwenye kikoa na simu iliyoandikwa.

Bi_Shangani

Tarehe ni ya kweli. Jina ni la mpwa, simu ni namba yake ya zamani ya hapa Unguja ambayo hanayo tena.

FundiWaIlala

Lipa kwanza, usisubiri kubadilisha jina. Kisha wapigie hao waliokusajilia uwaulize wanataka nini ili kikoa kiandikwe jina la nyumba yako. Mara nyingi watataka barua ya ridhaa ya mpwa na kitambulisho. Aisaini huko huko Muscat akutumie.

Bi_Shangani

Nimelipa, risiti nimeiprinti. Barua ya mpwa imefika asubuhi, wamesema siku tatu. Zile 212 nimeanza kuzisoma kutoka chini.

Bi_Shangani

Limebadilishwa jana. Jina la nyumba, simu yangu mimi. Nimefika barua ya 140.